Malisho ya Watu wa Mbali

Hidaya Sultani aliisoma barua mara mbili, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Huyu mtu hana haya," alisema. "Hana hata chembe."

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya saluni ya kusuka nywele, hatua chache kutoka metro ya Porte de Namur. Ukutani ilining'inia leseni ya upelelezi binafsi, na chini ya leseni palikuwa na jiko dogo la chai. Hidaya alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaingia Ubelgiji akiwa mkimbizi, akafanya kazi miaka kumi na minne akichunguza madai ya uongo ya bima kabla ya kujitegemea. Aliujua uongo wa magari, wa nyumba zilizoungua, na wa migongo inayouma siku za kazi tu. Huu wa leo ulikuwa mpya kwake.

Barua ilitoka kwenye tume ya maadili ya taasisi moja ya lugha. Ilimtaka Marie-Jeanne Ngoie, mwanafunzi wa uzamivu, afike kesho Ijumaa saa nne asubuhi ajibu tuhuma ya kunakili makala ya Profesa Lambert Stroobants. Makala hiyo ilitoka mwezi wa tatu. Tasnifu ya Marie-Jeanne iliwasilishwa mwezi wa sita, na kurasa arobaini zilifanana. Profesa alikuwa ameandika maelezo yake na kuyatia saini: hakuwahi kupokea andiko lolote la mwanafunzi huyo kabla ya mwezi wa sita.

Stroobants alikuwa msimamizi wake.

Mwizi wa kuku ana heshima kuliko huyu, Hidaya aliwaza. Mwizi wa kuku akishakula hamshtaki mwenye kuku.

"Mi njo niliandika, maman Hidaya," Marie-Jeanne alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Likasi, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini. Alfajiri alikuwa amepanga sinia za chakula cha wagonjwa katika hospitali kubwa ya Jette, na saa nane mchana alitakiwa kurudi. "Six ans! Sasa banasema mi niliiba kwa ye. Kintu nilizala mi mwenyewe!"

"Ukishindwa kesho?"

"Bananifuta. Wakinifuta, carte de séjour yangu, ile ruhusa ya kukaa huku, inakufa, juu ni ya étudiante. Mutoto yangu Imani iko anasoma pale Ganshoren, eko na miaka tisa, Likasi haijue hata kiloko. Mais maman, carte ni ya pili. Ile kazi ni yangu."

Hidaya alimwagia chai. "Bon. Nieleze kazi yenyewe. Polepole, mimi si profesa."

"Ni juu ya neno moja. *Denn*. Kiingereza ya zamani sana, imepita miaka mille, elfu moja."

"Maana yake?"

Marie-Jeanne alisita. "Pahali pa kulisha nguruwe."

Hidaya aliweka birika chini. "Miaka sita. Nguruwe."

"Maman!"

"Endelea, mwanangu. Mungu atanisamehe."

Marie-Jeanne alieleza, na kadiri alivyoeleza viatu vya kazini vilisahaulika. Waingereza wa leo wakisikia neno hilo hufikiria pango la mnyama. Lina ndugu katika lugha za zamani za Wajerumani, wenye maana ya bonde dogo lenye miti au sakafu ya kupuria nafaka. Lakini kule Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kulikuwa na msitu mkubwa, na vijiji vya mbali vilikuwa na vipande vyao ndani yake. Majira ya mialoni kudondosha mbegu yalipofika, watu waliswaga nguruwe zao kilomita nyingi hadi kwenye kipande chao, na kipande hicho ndicho kilichoitwa *denn*. Mji wa Tenterden ulipata jina lake hivyo: *denn* ya watu wa Thanet, na Thanet iko mbali, karibu kilomita sitini.

"Alors dictionnaire inasema nguruwe. Mi nilisema hapana. Mbele ya nguruwe kuko bantu. Ile neno inasema: hii pori ni ya bale ba kule mbali, na njia ya kufika ni yao. Ni droit, ni haki. Nguruwe inafuata nyuma."

"Na Stroobants amesema hivyohivyo?"

"Mot par mot."

Hidaya alichukua kalamu. Sasa ilikuja sehemu ya kazi anayoipenda, ile isiyo na machozi. "Ulimpa lini andiko la kwanza?"

"Octobre ya mwaka jana."

"Kwa barua pepe?"

Marie-Jeanne alishangaa kwa dhati. "Kazi ya kwanza, namna gani ntaituma kwa mukubwa na mail, sawa facture ya umeme? Niliifunga muzuri. Nilimupelekea ku bureau, ku mikono mbili. Na kitenge ya muke yake."

Hidaya alifumba macho. Alilijua kosa hilo, maana angelifanya mwenyewe. Mtu amelelewa kwamba kitu cha thamani hupewa mkubwa kwa mikono miwili, ana kwa ana, naye mkubwa huona haya kukikana. Stroobants alipokea kitenge, akapokea miaka sita ya kazi, na hakuona haya yoyote. Heshima ya huyu mwanamke ndiyo iliyomfutia ushahidi.

"Alikupa karatasi ya kupokea?"

"Alinipa café."

"Kompyuta?"

"Ilikufa mu janvier. Ya ile andiko ya kwanza nimebakiwa na copie moja ya papier. Haina date."

"Nani alichapisha?"

"Tonton Kadiri, mu galerie."

Duka la Kadiri lilikuwa ndani ya galeria ya Matonge, ule mtaa wa Waafrika, kati ya muuza wigi na muuza samaki wakavu. Alikuwa Mrundi mwenye ndevu nyeupe na mashine mbili za kunakili. Hidaya alimjua kwa miaka, na kwa sababu hiyo hakumwamini moja kwa moja. Mwaka juzi mwenye duka jingine mtaani alikamatwa akiuza tasnifu za wateja. Huenda Stroobants alikuwa amezipata zile kurasa kwa mlango wa nyuma.

"Kadiri, Marie-Jeanne Ngoie alichapisha kazi kwako mwezi wa kumi."

"Nakala mbili, jalada jeusi. Namkumbuka, alihesabu kurasa mara mbili."

"Faili lake unalo?"

"Sina."

"Ulimpa nani?"

Kadiri alizima mashine. Akageuka taratibu, na Hidaya akajua amekosea kabla mzee hajafungua mdomo.

"Dada Hidaya, unajua nini kinapita kwenye hizi mashine? Récit za asile, za kuomba ukimbizi. Mtu anaandika nani aliua baba yake, anakuja kuprinta hapa kwangu. Yako wewe nani aliiprinta? Kila jioni kabla ya swala nafuta kila kitu. Kila kitu! Miaka ishirini na mbili sijaweka karatasi ya mtu hata usiku mmoja. Na leo wewe unakuja kuniuliza nimeiuza?"

"Nisamehe, kaka."

"Toka nje kwanza, ndipo nitakusamehe."

Alitoka. Alistahili. Kumbukumbu ya mwenye duka bila faili tume isingeihesabu. Njia ya Kadiri ilikuwa imefungwa, na ilikuwa imefungwa na mtu mwaminifu, jambo ambalo liliuma zaidi. Kama angekuwa mbea kidogo, tarehe ingepatikana.

Aliingia mkahawa wa kona, akaagiza chai, akayapanga maandiko mawili mezani: nakala yenye jalada jeusi upande wa kushoto, makala ya Stroobants upande wa kulia. Saa nzima alipiga mistari ya kijani palipofanana. Mwishoni makala yote ilikuwa ya kijani kama shamba la mpunga, na haikumsaidia chochote. Kila sentensi nzuri ingeweza kuwa ya yeyote kati ya wawili hawa. Profesa angesema, mimi ni msomi, nimeyatoa kwenye hati za kale. Nani angembishia? Tena kwa ajili ya mpanga sinia wa Jette?

Ndipo alipokumbuka kazi yake ya zamani. Mtu akija kudai saa iliyoibwa, humwulizi ilikuwa nzuri kiasi gani. Unamwuliza ina mkwaruzo wapi. Uzuri wa kitu unaonekana na kila apitaye, lakini kasoro yake anaijua mwenyewe.

Aliweka chini kalamu ya kijani, akachukua nyekundu, akaanza kutafuta makosa.

La kwanza alilipata ukurasa wa nane. *Safari ya kwenda msituni ilianza na mvua za kwanza.* Lilikuwa kushoto, na kulia pia lilikuwepo. Hidaya alitazama nje, ambako watu walikuwa wakikimbilia metro na miavuli yao, kama jana, kama juzi, kama mwezi wa sita mzima. Mvua za kwanza! Stroobants amezaliwa na kuzeeka katika nchi ambayo mvua haina ya kwanza wala ya mwisho. Anayesema mvua za kwanza ni mtu aliyewahi kukaa miezi sita akingoja tone.

Alicheka peke yake, kisha akaacha. Profesa angeweza kuteleza hapo. Angesema alimaanisha vuli ya Ulaya, majani yanapopukutika.

La pili lilikuwa ukurasa wa ishirini na tatu. *Kabla ya kuingia katika kipande chao, wageni waliacha konzi ya kwanza ya walichookota kwenye mdomo wa njia, kwa ajili ya wenye msitu waliotangulia.* Mwishoni palikuwa na tanbihi namba arobaini na moja, ikitaja hati ya mfalme mmoja wa Kent. Tafsiri ya hati hiyo ilikuwa katika makaratasi ya Marie-Jeanne. Hidaya aliisoma yote: mpaka, mto, njia ya kuswagia nguruwe, mashahidi wanane. Konzi ya kwanza haikuwemo. Wala wenye msitu waliotangulia.

Alipiga simu Jette. Nyuma ya sauti ya Marie-Jeanne masinia yaligongana.

"Ile konzi ya kwanza ulikuta wapi?"

"Konzi gani, maman?"

"Marie-Jeanne. Haimo kwenye hati."

"Maman, ile mi niliifuta. Mu version ya mwisho haimo, angalia."

"Nimeangalia. Naipenda kuliko kitu chochote kwenye hizi karatasi. Nauliza ilitoka wapi."

Alijibu kwa sauti ndogo sana. "Kwa nkambo."

Nkambo wake, mama wa mama yake, alikuwa na kijiji nje ya Likasi. Kila mwaka mvua zilipoanza, watu wa kijiji walitembea siku mbili hadi kipande chao cha pori kuokota viwavi vya kula. Kipande kilikuwa chao ingawa kilikuwa mbali, na hakuna aliyewauliza. Mlangoni mwa pori nkambo aliacha konzi ya kwanza ya viwavi chini, kwa waliotangulia, ndipo wengine wakaingia. Marie-Jeanne aliposoma kuhusu *denn* mara ya kwanza, hakuhitaji kuelezwa. Aliiona njia, aliwaona watu.

"Juu ya nkambo njo nilifahamu ile neno. Bale bazungu banaangalia nguruwe, mi niliangalia bantu. Mais ile soir nilikuwa nimechoka, niliandika nkambo sawa vile eko mu Kent. Tanbihi ilikuwa ya ile njia, haikuwa ya konzi. Mu décembre niliona kosa, niliifuta. Haya ilinikamata."

"Stroobants hakuifuta."

Upande wa pili sinia moja lilianguka.

"Kesho utasimama useme kosa ni lako," Hidaya alisema.

"Batanicheka. Muafrika anaweka nkambo yake mu Angleterre. Na kama bananifukuza tu juu ya ile?"

Hidaya hakutaka kumdanganya. "Inawezekana."

Alisikia pumzi ndefu, kisha mtu akimwita Marie-Jeanne kwa Kifaransa, masinia, masinia.

"Nakuya saa nne," Marie-Jeanne alisema.

Hidaya alikaa na simu mkononi, hasira imempanda hadi masikioni. Mwizi ataingia kesho amevaa tai. Aliyeibiwa ataingia na aibu yake mkononi, na aibu hiyo ndiyo atakayotakiwa kuitoa ili aaminiwe.

Tume ilikuwa ya watu watatu na karani mwenye kompyuta. Mwenyekiti, Carine Hoebeke, alikuwa mwanasheria mwenye nywele fupi za mvi na saa ya mkononi aliyoitazama mara nyingi. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kifaransa. Stroobants alikaa ng'ambo ya meza, mtu mrefu, mpole wa sura, akimtazama Marie-Jeanne kwa huruma, na huruma hiyo ilimkera Hidaya kuliko tusi.

"Msindikizaji anaweza kuuliza maswali kupitia kwangu," mwenyekiti alisema. "Mafupi."

"Matatu, Madame," Hidaya alisema. "La kwanza: Profesa aliandika makala yote mwenyewe?"

"Kila neno," Stroobants alisema.

"Naomba karani aandike."

Karani aliandika.

"La pili. Ukurasa wa nane, safari inaanza na mvua za kwanza. Kent ina mvua za kwanza?"

Stroobants alitabasamu. "Nilimaanisha vuli. Ni lugha ya kifasihi, Madame. Sijui kama mpelelezi wa bima anaifahamu."

Mjumbe mmoja alitabasamu pia. Hidaya aliwaacha wamalize.

"La tatu. Ukurasa wa ishirini na tatu, konzi ya kwanza kwa waliotangulia. Tanbihi inataja hati. Hati hii hapa. Naomba Madame aisome."

Mwenyekiti aliisoma, kidole kikifuata mistari. Aliirudia. Safari hii hakutazama saa.

"Haimo, Profesa."

"Nipe." Stroobants aliisoma haraka, kisha polepole. Rangi ilimpanda shingoni.

"Kwa hiyo," Hidaya alisema, "Profesa alibuni desturi, akaibandika kwenye hati ya mfalme?"

Katika taaluma yao hilo ni kosa lisilosameheka. Kuiga kuna watetezi, kuna kusahau alama za nukuu, kuna sekretari wa kulaumiwa. Kubuni ushahidi hakuna mtetezi. Stroobants alikuwa amewafukuza wengine kwa hilo hilo. Na mazoea yana taabu: kwa miaka yote ya kazi yake, kosa lolote lililotoka chini ya mikono yake lilikuwa la mwanafunzi fulani.

"Sikubuni kitu," alisema kwa ukali. "Upuuzi huu ni wake. Ulikuwa kwenye rasimu yake ya kwanza. Nilidhani amehakiki."

Vidole vya karani vilisimama, halafu vikaendelea, tak, tak, tak, hadi sentensi ikaisha.

"Rasimu ipi, Profesa?" mwenyekiti aliuliza.

Maelezo yake aliyoyatia saini yalikuwa mbele ya mwenyekiti. Hidaya aliweka jalada jeusi mezani, ukurasa wa ishirini na tatu ukiwa wazi.

"Mademoiselle Ngoie," mwenyekiti alisema, "sentensi hii ni yako?"

Marie-Jeanne alisimama.

"Ni yangu. Si ya kweli kwa Kent. Ni ya nyanya yangu, wa Likasi. Niliikosea mahali, na nilipogundua niliifuta. Nilimkabidhi Profesa rasimu mwezi wa kumi, ofisini kwake, kwa mikono yangu."

Hakuna aliyecheka.

Tume ilitoka nje dakika ishirini. Iliporudi, mwenyekiti alikuwa na sauti laini ya watu waliokubaliana jambo koridoni. Tuhuma dhidi ya Mademoiselle Ngoie imefutwa, alisema. Tasnifu yake itaendelea. Kuhusu makala, kwa heshima ya taasisi na ili mambo yasifike magazetini, tume inapendekeza itolewe upya kwa majina mawili, Stroobants na Ngoie. Profesa yuko tayari.

Profesa alikuwa tayari! Hidaya aliinuka nusu, maneno yote ya Buyenzi yamemjaa mdomoni, na Marie-Jeanne akamgusa bega akamkalisha.

"Madame," Marie-Jeanne alisema, kwa Kifaransa cha polepole ili karani asikose neno, "makala ile ina sentensi moja ambayo mimi niliitupa na yeye akaiokota. Hiyo abaki nayo, na jina lake juu yake. Zilizobaki zote ni zangu. Nazitaka."

Mwenyekiti alimgeukia karani.

"Andika hivyo," alisema.